Kubadilisha vibao vya mpini wa bastola kongwe ya Luger P08

Bastola ya Luger P08, iliyopokewa rasmi na jeshi la Ujerumani mwaka 1908, kwa kawaida ina vibao viwili vya mti wa jozi vyenye nakshi ya vimraba vidogo, na kila kibao hushikwa na skrubu moja tu. Cha kushoto ndicho huumia zaidi, kwa kuwa ncha yake iliyo karibu na wenzo wa usalama ni nyembamba na humeguka kikibanduliwa kwa pupa.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa magazini, fungua mtambo, kisha hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, haina risasi, kwani umri wa silaha hauiondolei uwezo wa kuua.

Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu sawasawa, maana iliyo nyembamba huteleza na kuacha kovu lisilofutika. Skrubu ikitoka, inua kibao kuanzia ukingo wa chini, taratibu, bila kukichokonoa kwa chuma. Sasa kitazame kwa ndani: vibao vingi vya awali vilipigwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola, na vikilingana nayo, thamani yake kwa mkusanyaji ni kubwa. Kwa maoni yangu, kibao cha namna hiyo chenye ufa kiungwe kwa gundi iliyotengenezwa kwa ngozi ya wanyama, ambayo baadaye huweza kulainishwa kwa maji ya uvuguvugu, badala ya kuondolewa.

Ikiwa hakuna budi kuweka kipya, punguza mbao, kamwe usipunguze chuma. Paka masizi ya mshumaa kwenye fremu, bandika kibao, kisha kwangua kwa tupa laini pale tu masizi yalipogusa. Rudia hadi kikae bila kulazimishwa, na wenzo wa usalama uzunguke bila kukikwaruza. Pakaa mafuta ya kitani kwa uchache, yaache yakauke kabisa, halafu kaza skrubu hadi ikome yenyewe, kwa sababu ukizidisha nguvu mbao hupasuka kwenye tundu.

Usipige namba za kughushi kwenye kibao kipya. Vile vya zamani, hata vikiwa vipande, vifunge kwa karatasi isiyo na asidi, andika juu yake namba ya bastola, na umkabidhi atakayeinunua.