Kware: Kabla ya Kulaumu Mashine, Kagua Madume

Mayai ya kware yasipototolewa, mfugaji huilaumu mashine ya kutotolesha kwanza. Mara nyingi kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma, kizimbani, pale dume na majike walipowekwa pamoja bila mtu kuuliza wametoka kwa mama yupi.

Kware wa Kijapani, ambaye ndiye tunayemfuga wengi wetu, huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 7. Usikimbilie mayai hayo ya mwanzo; uyale au uyauze. Anza kukusanya ya kutotolesha kuanzia wiki ya 10 hivi, na ukifika wiki ya 30 uwe umeshaandaa wazazi wapya, maana urutubishaji hupungua umri unavyosogea.

Dume wa rangi ya kawaida hujulikana tangu wiki ya 3: kifua chake ni cha kahawia iliyoiva, hakina madoa. Jike ana madoadoa meusi kifuani. Weupe hawatambuliki hivyo. Kwa wote, wakishakomaa, bonyeza taratibu uvimbe ulio juu ya tundu la haja. Dume aliye tayari hutoa povu jeupe. Aliyefikisha wiki 8 bila povu hafai kuwa mzazi.

Weka dume 1 kwa majike 2 au 3. Madume wakizidi, majike hunyonyolewa vichwa na kuchubuliwa migongo, na mayai huanza kupungua.

Sasa undugu, jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Kware hawavumilii kabisa kupandana ndugu kwa ndugu: utotoaji hushuka, vifaranga hufa, na ukoo unaweza kukatika ndani ya vizazi vichache. Nunua kware wa mbegu kwa wafugaji watatu tofauti, kisha tenga koo A, B na C, kila mmoja na pete ya rangi yake mguuni. Kifaranga huvaa rangi ya mama. Kila kizazi kipya, madume wa A waende kwa majike wa B, wa B kwa C, wa C kwa A. Daftari la shule linatosha kuandika haya. Ukibadilisha madume kwa majike walewale, subiri wiki 2 kabla ya kukusanya mayai, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume wa awali kwa siku kadhaa.

Mchana wetu wa saa 12 hauwatoshi kware wanaotaga. Ongeza taa wapate saa 14 hadi 16. Chakula kiwe na protini asilimia 20 hivi, pamoja na chokaa ya mifugo.

Mayai yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuingia mashineni. Mashine iwe nyuzi 37.5, geuza mpaka siku ya 14, na vifaranga watatoka siku ya 17 au 18. Madume wa ziada wauze kwa nyama wakiwa na wiki 6, kabla hawajaanza kujeruhiana.