Jinsi ya kuziona taka za angani ukiwa Moshi au Arusha, na chuma kikidondoka shambani ufanyeje

Watu wengi huku wakisikia taka za angani wanajua ni mambo ya kwenye kompyuta za wazungu tu, kumbe zinapita juu ya Pasua na Njiro karibu kila jioni na unaziona kwa macho matupu, huhitaji darubini wala hela zaidi ya bando kidogo. Mi naangalia mara kwa mara na naomba na nyie muangalie, mana kitu ukishakiona kikipita juu ya bati la kwenu huwezi tena kusema hakikuhusu.

Tutakavyoviona ni vile vikubwa, maroketi yaliyopeleka satelaiti yakaachwa huko huko juu kazi ilipoisha. Vidogo havionekani ila ndo vingi, Shirika la Anga la Ulaya linakadiria vipande vya kuanzia sentimita 1 vimepita milioni 1, na vilivyo karibu na dunia vinakimbia zaidi ya kilometa 7 kwa sekunde moja, kwa mwendo huo hata nati inatoboa satelaiti. Na vingi kati ya vidogo hivyo vimetoka kwenye kikubwa kilicholipuka au kugongwa. Kwaiyo anza na vikubwa.

Jambo la kwanza ni saa. Roketi iliyokufa haina taa, inang'aa kwa sababu jua linaipiga kule juu wakati sisi huku chini tushaingia gizani, kwaiyo toka nje kuanzia saa moja na robo usiku mpaka kama saa mbili na nusu, au alfajiri kuanzia saa kumi na nusu mpaka kabla hakujapambazuka. Saa sita usiku utachoka shingo bure. Januari na Februari anga linakuwa safi sana, masika sahau, na Juni mpaka Agosti Moshi mawingu yanakaa tu hapo juu hayaondoki. Ukiweza sogea mbali na taa, njia ya TPC au Kahe kule ni giza zuri, watu wa Arusha nendeni upande wa Ngaramtoni, ila hata nyuma ya nyumba inatosha ukizima taa ya nje na kuacha simu kama dakika kumi macho yazoee.

Alafu fungua Heavens-Above kwenye simu, ni bure. Weka mahali ulipo, fungua orodha ya satelaiti zinazong'aa za siku hiyo. Itakuletea jina, mwanga, saa na upande. Namba ya mwanga ikiwa ndogo ndo kitu kinang'aa zaidi, kwa kuanzia tafuta yenye 3 kushuka chini. Saa zimeandikwa kizungu, 19:20 ni saa moja na dakika ishirini. Kimo kimeandikwa kwa nyuzi: nyoosha mkono, kunja ngumi, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Kwa mtu wa Moshi mjini Kilimanjaro inakula karibu ngumi nzima ya anga la kaskazini, na Arusha mjini Meru inakula zaidi kidogo, kwaiyo kitu kikitokea upande wa mlimani usihangaike na dakika za mwanzo, subiri kipande juu ya mlima.

Sasa angalia majina, hapa ndo penyewe. Jina likiishia na R/B hiyo ni roketi iliyotupwa, likiwa na DEB ni kipande kilichovunjika kutoka kwenye kitu kingine. Mimi natafuta sana SL-16 R/B. Hizi ni sehemu za juu za roketi za Zenit, zilirushwa na Wasovieti na baadae Urusi, kila moja ina uzito wa tani 8 mpaka 9 na urefu wa kama mita 10, na ziko zaidi ya kumi na tano zinazunguka kwenye kimo cha karibu kilometa 840. Wataalamu wanazihesabu kati ya vitu vya hatari zaidi huko juu. Hazina anayeziongoza, ni kama malori yameachwa yateremke yenyewe barabara ya Arusha bila dereva wala breki, na kwa kimo kile hewa ni nyembamba mno kuzivuta chini, zinaweza kukaa zaidi ya miaka mia. Satelaiti za intaneti za Starlink ziko chini zaidi, chini ya kilometa 600, huko kitu kikifa kinashuka chenyewe ndani ya miaka michache.

Ikija utaona nukta nyeupe inatembea taratibu bila mlio, mara nyingi inakata anga kati ya kaskazini na kusini, dakika kadhaa hivi. Ndege zinazoshuka KIA zina taa nyekundu na kijani, na nyingine zinawaka na kuzima haraka haraka, hutachanganya. Roketi inayobiringika inang'aa alafu inafifia, inang'aa tena inafifia, kila baada ya sekunde chache, ni kwa sababu inapinduka pinduka na jua linapiga ubavu mara kitako. Sio zote, nyingine zimetulia kabisa. Na usishtuke ikipotea katikati ya anga safi. Mtoto wa dada yangu aliniuliza "anko, mbona imezima?", imeingia kwenye kivuli cha dunia tu, ukikazia macho unaona inageuka wekundu kidogo sekunde za mwisho kabla haijapotea.

Mtu atauliza shida iko wapi kama zinapita tu kwa amani. Tarehe 10 Februari 2009 satelaiti ya Marekani iliyokuwa inafanya kazi, Iridium 33, iligongana na Cosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imekufa, kilometa kama 790 juu ya Siberia, vikatoka vipande vikubwa tu zaidi ya 1,800, vidogo havihesabiki. Miaka miwili kabla China ililipua satelaiti yake yenyewe, Fengyun-1C, kwa kombora, vikatoka zaidi ya 3,000, na Novemba 2021 Urusi nao wakafanya hivo hivo na Cosmos 1408 mpaka wanaanga wa kituo cha kimataifa cha angani wakakimbilia kwenye vyombo vyao kujificha. Inaniuma kweli hii, mana hiyo ni makusudi sio ajali. Kipande kinagonga kingine kinazaa vipande vinavyogonga vingine, Donald Kessler wa NASA aliandika hilo na mwenzake toka 1978. Na satelaiti zikiharibika ni ramani ya bodaboda, ni utabiri wa mvua kwa mkulima wa Kibosho, ni GPS ya guide mlimani.

Haya, na ikianguka? Ukiona moto unapita taratibu, umekatika vipande vipande vinafuatana, unachukua nusu dakika au zaidi, hiyo ni taka inaungua inarudi. Kimondo kinapita sekunde moja mbili kimeisha. Rekodi video huku umesimama sehemu moja, ingiza na mti au paa kwenye picha, taja saa kwa sauti.

Sio hadithi za mbali. Desemba 30, 2024 kijiji cha Mukuku, Makueni, hapo tu ng'ambo ya mlima upande wa Kenya, pete ya chuma ya karibu kilo 500 na upana wa mita 2.5 ilidondoka, Shirika la Anga la Kenya likasema ni sehemu ya roketi, likaichukua. Hakuna aliyeumia.

Kikidondoka kihambani kwako usikisogelee, hasa kikiwa cha duara kama tenki, mana matenki ya satelaiti huwa yanabeba haidrazini ambayo ni sumu, kuivuta tu ni hatari. Watoto na ng'ombe wakae mbali, upande upepo unakotokea. Usikubali watu wa vyuma chakavu wakipime, najua bei inashawishi ila kwa mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 chuma kile bado ni mali ya waliokirusha, na kinaweza kuwa ushahidi wako. Mkataba mwingine wa kimataifa, wa 1972, unasema nchi iliyorusha inalipa uharibifu wa ardhini hata kama haikufanya uzembe. Satelaiti ya Wasovieti, Cosmos 954, ilipoanguka na kumwaga mionzi kaskazini mwa Kanada mwaka 1978, Wasovieti walilipa dola milioni 3 za Kanada. Ila kwa mkataba huo wa 1972 huwezi kudai mwenyewe, madai yanapelekwa na serikali kwa serikali, kwaiyo mwite mwenyekiti wa kitongoji aone kabla hakijaguswa, piga picha za bati au migomba iliyovunjika ukiwa mbali, andika saa, alafu nenda polisi utoe taarifa na usiondoke bila RB, ile namba ya taarifa ya polisi.