Jinsi ya Kumchagulia Mbwa Wako Jina la Kireno: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mwanza

Kazi yangu ni kufunza mbwa wa nyumbani na wa ulinzi hapa Mwanza, na kila familia inayonikabidhi mtoto wa mbwa huulizwa kwanza jina lake. Majibu yaliyozoeleka ni Simba, Tomi, Popi, Jimi na Bosi, kiasi kwamba ukipaza sauti ukaita Simba katika mtaa wowote wa Nyegezi unaweza kuitikiwa na mbwa wa nyumba tatu. Siku hizi wapo wafugaji wanaotaka jina ambalo jirani hana, na baadhi yao wamegeukia Kireno, wengine kwa mapenzi ya soka la Ureno na Brazil, wengine kwa sababu wamewahi kuishi au kufanya biashara Msumbiji.

Kireno kinatufaa kuliko lugha nyingi za Ulaya. Maneno yake mengi huishia kwa irabu, na yale yanayoishia kwa a, e au o kwa kawaida hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili, hivyo mtu wa Kirumba anaweza kuita Canela au Valente bila kujikaza. Tena sisi ni wateja wa zamani wa lugha hiyo: meza, leso, bendera, mvinyo na parafujo ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, ambao meli zao zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na ambao ngome yao ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698. Hata hivyo, jina linalopendeza Lisbon linaweza kuwa kichekesho likifika ufukweni kwetu, na mara nyingine likawa hatari. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kulipima jina kwa masikio ya watu wa hapa.

Hatua ya kwanza: Mtazame mbwa kabla ya kutafuta jina

Mwache mtoto wa mbwa azoee nyumba kwa siku chache, na umwangalie rangi yake, mwendo wake na kazi utakayompa. Mbwa wetu wengi wa kienyeji ni wa rangi ya hudhurungi, na kwao Canela, yaani mdalasini, ni jina linalokaa vizuri mdomoni. Mweusi kama masizi anaweza kuitwa Farrusco, jina ambalo Wareno wenyewe huwapa wanyama wa rangi hiyo, na mweupe akaitwa Branco. Mwepesi asiyetulia anafaa Faísca, maana yake cheche. Yule anayekimbilia maji kila anapopelekwa ziwani anafaa Onda, maana yake wimbi. Na mbwa atakayelala getini unaweza kumwita Lobo, mbwamwitu.

Hatua ya pili: Chagua fungu la majina

Kwa maoni yangu fungu lililo salama kuliko yote ni la miji na mito: Tejo, Douro, Faro, Braga na Sintra kwa upande wa Ureno, Beira na Nampula kwa upande wa Msumbiji. Majina haya hayamgusi mtu yeyote, ni mafupi, na anayeuliza maana yake hujibiwa kwa sentensi moja.

Fungu linalopendwa zaidi, yaani la wachezaji wa mpira, ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. Figo, aliyetwaa Ballon d'Or mwaka 2000, kwetu ni kiungo cha mwili, na siku utakayosema kwamba Figo anaumwa majirani watakupa pole na kukuelekeza hospitali ya Bugando. Kaká alitwaa tuzo hiyo hiyo mwaka 2007, lakini ukiliita jina lake jioni pale Mabatini watageuka vijana wote wa kijiweni, na wakishatambua kwamba aliyeitwa ni mbwa hawatacheka. Nani ni tatizo la aina yake, kwa sababu mgeni atauliza, «Mbwa wako anaitwa nani?» nawe utajibu, «Nani,» na mazungumzo hayatafika mwisho. Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo, anastahili heshima zote, lakini jina lake ni la ubatizo, na huenda anayeabudu benchi moja nawe kanisani analo. Zico na Rivaldo yanapita.

Hatua ya tatu: Linganisha jina na jinsia ya mbwa

Kiswahili hakitofautishi dume na jike katika vivumishi, kwa hiyo wafugaji wengi hulisahau jambo hili. Kwa Kireno dume mzuri ni Bonito na jike ni Bonita. Branco humfaa dume na Branca jike. Mbwamwitu jike ni Loba. Majina ya miji, mito na viungo vya chakula hayana shida hiyo kubwa, na Canela anaweza kuwa dume bila mtu kulalamika.

Hatua ya nne: Litamke jina kwa Kireno, kisha kwa ulimi wa Mwanza

Kanuni chache zinatosha. Ch husomwa sh, nh husomwa ny, c yenye mkia husomwa s, na o ya mwisho isiyo na mkazo husikika kama u. Kwa hiyo Bolinha, yaani kampira kadogo, ni Bolinya, na Lobo husikika kama Lobu. Pingo, neno lenye maana ya tone, husikika kama Pingu, na kwa mbwa wa ulinzi nimeona wenyeji wakilifurahia kuliko Wareno wenyewe wangeweza kutarajia.

Sauti ngumu ni ile inayoandikwa ão, ambayo hutokea puani na ambayo ulimi wetu huikwepa. Mfano mzuri ni Leão, maana yake simba. Kuna jamii ya mbwa wa Ureno iliyofanya kazi na wavuvi wa pwani ya Algarve, ikiwasaidia kuswaga samaki kuelekea nyavuni, kuokota vifaa vilivyoanguka majini na kupeleka ujumbe kutoka chombo kimoja hadi kingine. Jamii hiyo ilipokaribia kutoweka, tajiri mmoja aliyeitwa Vasco Bensaude aliifufua katika miaka ya 1930 kwa kuanzia na dume aliyeitwa Leão, ambalo kwa kweli ni Simba wetu yule yule wa Nyegezi. Mvuvi wa Igombe angestahili kabisa kumpa mbwa wake jina hilo, lakini nyumbani litatamkwa Leo, na mtoto atakayepaza sauti «Leo, njoo!» ataonekana anamsihi mtu asisubiri hadi kesho. Ni jina la kutumia ikiwa familia nzima iko tayari kuitamka ile sauti ya puani, vinginevyo liache. Trovão, maana yake ngurumo, lina shida hiyo hiyo ila halina neno la kugongana nalo, hivyo likigeuka Trovau hakuna kilichoharibika.

Angalia pia majina yanayoishia kwa konsonanti, kwa kuwa tutayaongezea irabu tupende tusipende. Mel, yaani asali, litakuwa Meli, na katika jiji lenye bandari, ambamo watu huulizana kila siku saa ya meli kwenda Bukoba, utachoka kufafanua. Sol, yaani jua, litakuwa Soli, na hapo mbwa wako atakuwa sehemu ya chini ya kiatu. Jambo la mwisho katika hatua hii ni r na l, ambazo wasemaji wengi wa Kanda ya Ziwa huzibadilishana. Faro atakuwa Falo na Beira atakuwa Beila kwa baadhi ya watu wa nyumbani. Mbwa atazoea yote mawili akiyasikia mapema, lakini kama bibi anasema l na wajukuu wanasema r, ni nafuu zaidi kuchagua jina lisilo na mojawapo, kama Tejo, Bonita au Onda.

Hatua ya tano: Hakikisha jina halifanani na amri

Hapa sina mzaha. Chica ni jina zuri la Kireno kwa jike mdogo, na kwa kanuni niliyoitaja hutamkwa Shika. Katika mafunzo ya ulinzi neno hilo ndilo tunalotumia kumwachilia mbwa amrukie mtu aliyevaa mkono wa kinga: mshika kamba hulegeza kiganja, hutamka neno mara moja kwa sauti kavu, na mbwa aliyefunzwa vizuri huwa ameng'oa miguu kabla neno halijaisha. Sasa fikiria jike wa namna hiyo akiitwa Chica, na mtoto wa nyumba akimwita kwa furaha wakati mgeni anafungua geti. Ama mbwa atajifunza kupuuza amri, jambo linalomfanya asifae kwa kazi, au atatii jina lake. Yote mawili hayakubaliki, na mimi jina hilo huomba libadilishwe kabla ya somo la kwanza, hata kama mbwa amekusudiwa kuwa wa kuchezea tu, kwa sababu majirani wengi huwachochea mbwa kwa neno hilo hilo bila mafunzo yoyote.

Andika amri zote utakazotumia, kwa mfano njoo, kaa, lala, acha, simama na shika, kisha taja jina mbele ya kila mojawapo kwa haraka. Caju, yaani korosho, halivumilii kipimo hiki kikamilifu, maana silabi yake ya kwanza ni kama kaa, na mbwa mwenye pupa hukaa kabla hujamaliza kumwita. Lobo, Tejo na Sintra hupita bila shida.

Hatua ya sita: Wafikirie watu watakaolisikia

Fátima ni mji wa Ureno unaotembelewa na mahujaji Wakatoliki, lakini pia ni jina la binti wa Mtume, na kumpa mbwa ni kuwakosea Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Majina ya watakatifu, pamoja na Maria, Santo na mengine ya ukoo huo, yaache kabisa. Zaidi ya hapo, neno moja la Kireno linaweza kuwa na sura mbili: rapariga nchini Ureno ni msichana tu, ilhali katika sehemu za Brazil ni tusi, na cachorro ni mtoto wa mbwa Ureno lakini ni mbwa wa umri wowote Brazil. Ukipata neno lililokuvutia, tafuta maana yake katika nchi zote mbili kabla ya kulipenda mno.

Hatua ya saba: Liite mahali penye kelele

Nenda ufukweni, Igombe au Kayenze, wakati mitumbwi yenye injini inaondoka, na uliite jina mara kadhaa kwa nguvu. Jina la silabi mbili lenye irabu pana, kama Faro au Loba, hufika mbali. Jina refu humezwa na upepo. Majina marefu yana tabia nyingine pia: nyumba huyakata. Saudade, neno ambalo Wareno hulitumia kwa hamu ya kitu kilicho mbali, litakuwa Sauda ndani ya wiki, na mtaani mwako hakosi mama au dada mwenye jina hilo. Farrusco naye atakatwa awe Faru, na huyo mwache alivyo, kwa kuwa mbwa wa getini mwenye jina la kifaru hajapungukiwa na kitu.

Hatua ya nane: Mfundishe jina

Chukua dagaa waliokaushwa, uwaoshe mchanga na chumvi, na umkate kila dagaa vipande viwili. Subiri mbwa aangalie pembeni, taja jina mara moja tu, na mara anapogeuza kichwa mpe kipande. Rudia mara chache, kisha pumzika, na endelea hivyo asubuhi na jioni kabla hajashiba. Usilitumie jina wakati wa kumkaripia, kwa kuwa mbwa aliyekaripiwa kwa jina lake hulikimbia. Kwa makosa tumia «acha» peke yake.

Unapompeleka kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, mwandikie mtaalamu wa mifugo jina kwenye karatasi badala ya kumtajia, ili kadi isisome Kanera wakati mbwa ni Canela. Alama za juu ya herufi unaweza kuziacha.

Kama mbwa ni mkubwa na tayari ana jina, tafuta la Kireno linaloanza kwa sauti inayokaribiana, kwa mfano Sintra kwa aliyekuwa Simba au Pipoca, yaani bisi, kwa aliyekuwa Popi. Kwa siku za mwanzo tamka jipya likifuatwa mara moja na la zamani, ukimpa dagaa wake, kisha punguza la zamani kidogo kidogo. Atakapogeuka kwa jipya pekee, liache la zamani moja kwa moja, na uwasisitizie watoto waliache pia, kwa sababu wao ndio hulirudisha.