Vitamini E kwa mtoto anayeyumba

Mwanangu alianza kuyumba akiwa na miaka 9. Usiku akienda chooni, ukuta hauachi. Damu ilipopimwa, vitamini E ilikuwa chini mno: ini lake, kwa kasoro ya kurithi, haliirudishi kwenye damu.

Mzazi mwenzangu, ukiona hivyo usingoje. Omba kipimo hicho mapema, maana neva zikishaharibika huenda zisirudi.

Dawa ni vitamini E yenyewe; kiasi chake akiandike daktari. Ikizidi, damu hutoka ovyo, hasa kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vitamini E huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo usimpe kwa chai ya rangi tu. Mimi humpa kidonge pamoja na mahamri na mbaazi za nazi, tui la kwanza, zito. Kila siku, maisha yote. Nduguze nao wapimwe, hata kama wanakimbia vizuri.