Jinsi ya kupiga hesabu ili tanki la taka za nyuklia lisichemke

Wengi wakisikia taka za nyuklia wanawaza mionzi tu. Ila hii taka ya maji, ile inayobaki baada ya fueli iliyotumika kuyeyushwa na asidi ya nitriki ili watoe urani na plutoni, inajichemsha yenyewe na swichi ya kuizima hakuna, siziamu-137 na strontiamu-90 zinachukua kama miaka 30 kupungua nusu.

Swali la kwanza, upozaji ukikata una masaa mangapi? Chukua wati za joto kwa kila lita, zidisha kwa 3,600 (sekunde za saa moja), gawa kwa 4,200 (jouli za kupandisha lita moja ya maji nyuzi moja), unapata nyuzi zinazopanda kila saa. Tuseme wati 5 kwa lita na taka iko nyuzi 50, hapo inapanda nyuzi 4 na ushee kwa saa, ndani ya nusu siku uko 100. Ndio, nimeichukulia kama maji na kama joto halitoki popote, lakini ukikosea bora ukosee upande huo.

Sasa linganisha na masaa ya kumpata fundi na pampu ya akiba usiku wa Jumapili. Yakizidi ya kuchemka, tanki hilo si salama hata kama taa zote ni za kijani, kwa hiyo punguza ujazo au acha fueli ikae kwenye bwawa la maji la kupozea miaka zaidi kabla ya kuichakata. Na jamani, koili tano (mabomba ya maji ya kupoza yaliyomo ndani ya tanki) zinazotegemea pampu moja ni sawa na koili moja tu, kila laini iwe na pampu yake na umeme wake, na pawe na tanki tupu la kuhamishia.

Umeme ukikata, feni za kupitisha hewa kwenye tanki nazo zinasimama, haidrojeni inayotokana na mionzi kupasua maji inajikusanya, na ikifika asilimia 4 kwenye hewa inaweza kushika moto, so hewa ya akiba ni lazima.

Ikianza kuchemka, ongeza maji, usiache ikauke kabisa! Kiwanda cha nyuklia cha Mayak, Urusi, tarehe 29 Septemba 1957, upozaji wa tanki moja uliharibika haukurekebishwa, maji yakakauka, chumvi za naitreti na asetati zikalipuka na kurusha mfuniko wa zege wa tani 160. Ndo maana sensa za joto ziwe zaidi ya moja, na bomba la maji liwe na mdomo nje ya jengo, gari la zimamoto liweze kuunga.

Baada ya hapo igeuze glasi mapema uwezavyo. Kwenye kituo cha nyuklia cha Sellafield kule Uingereza makopo ya glasi yanapozwa na hewa inayopanda yenyewe, pampu haihusiki.