Kompyuta ya gemu ya bajeti ya kati: chagua vifaa ukianzia kwenye skrini

Kila anayetaka nimpangie mashine huanza na lile lile: "Kaka, Intel au AMD?" Anaulizia kampuni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Nami humjibu kwa swali: unachezea skrini gani? Hesabu yote inaanzia hapo.

Hatua ya 1: Skrini

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (nukta za picha) kama milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na 4K inafika milioni 8.3. Pikseli zote hizo huchorwa upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Kwa bajeti ya kati chagua mojawapo ya hizo mbili za mwanzo, 4K iache ipite.

Hatua ya 2: Kadi ya grafiki

Pesa ziende huku. Mimi hutenga theluthi ya bajeti, wakati mwingine karibu nusu, kwa kadi peke yake. Usinunue namba ya modeli, tazama na kumbukumbu yake: RTX 3060 ilitoka na GB 12, iliyoifuata, RTX 4060, ikaja na GB 8. Hii mpya ina kasi zaidi, mpaka kumbukumbu ijae. Ikijaa utaona: unageuza kamera, picha inakwama kidogo, halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Dawa yake ni kushusha ubora wa tekscha, zile picha zinazofunika vitu ndani ya gemu. Kwa 1080, GB 8 bado zinasukuma gemu nyingi. Kwa 1440 mimi sishuki chini ya 12.

Hatua ya 3: Prosesa, ubao mama na RAM

Hivi vitatu vichague kwa pamoja. Ryzen 5 7600 ya AMD ina viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoendesha kwa wakati mmoja), inakaa kwenye soketi ya AM5, na soketi hiyo inakubali RAM ya aina ya DDR5 tu. Core i5-12400F ya Intel nayo ina viini 6 na nyuzi 12, lakini ubao wake huuzwa kwa aina mbili, DDR4 au DDR5, kwa hiyo soma jina la ubao hadi herufi ya mwisho. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, hata uisukume vipi.

Chukua RAM mbili za GB 16, si moja ya GB 32, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Kwenye ubao wenye nafasi nne, kwa kawaida unazichomeka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) uwashe XMP au EXPO, mpangilio wa kuendesha RAM kwa kasi yake kamili, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 6000 itatembea kwa 4800 na hutajua.

Hatua ya 4: Pawa saplai

Hapa watu hubana pesa, nami hugombana nao. Kadi ya RX 7800 XT peke yake imepangiwa wati 263. Ongeza prosesa, feni na diski, wati 650 zinakupa nafasi ya kupumua. Ila usiamini namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza ubavuni, tafuta mstari wa 12V kwenye lebo, zidisha ampea kwa 12. Ampea 54 ni wati 648, safi. Ukikuta ampea 38, hizo ni wati 456 tu, hata kama nje wameandika 650. Na neno Gold, ile alama ya 80 Plus, linahusu umeme unaopotea kama joto, halikuhakikishii ubora wa vilivyomo ndani.

Hatua ya 5: SSD na keisi

SSD (diski ya kasi) ya aina ya NVMe, ya TB 1, inatosha kuanzia. Keisi iwe na wavu mbele, na upime urefu wa kadi kwa milimita kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Kuwasha

Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi. Herufi F kwenye 12400F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, hivyo tundu la HDMI la ubao mama halitoi kitu. Mimi nilishawahi kufungua mashine nzima, nikatoa RAM, nikaifuta, nikairudisha, skrini bado nyeusi. Kumbe waya.