Kukagua na kupima nyaya za umeme katika jengo la biashara: mpangilio, namba na mitego yake

Katika ukaguzi wa nyaya za jengo la biashara, mita hutoka mkobani baada ya karatasi, macho na kufuli. Mpangilio huu una sababu: kila kipimo ndicho kinachotoa ruhusa ya kipimo kinachofuata. Ukipima RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) kwenye saketi ambayo waya wake wa ethi umekatika, mita inasukuma mkondo kwenye ethi isiyofika popote, na kwa muda huo mabati ya mashine zote zilizofungwa kwenye waya ule yanaweza kupata umeme. Anayeyashika hajui kama kuna mtu anapima.

Kuhusu muda, utaratibu unaotokana na viwango vya Uingereza hutumia miaka 5 kwa ofisi, maduka na hoteli, miaka 3 kwa viwanda, na mwaka 1 kwa mabwawa ya kuogelea. Sheria ya nchi husika ndiyo yenye kauli ya mwisho. Usisubiri tarehe ifike kama jengo limeingiliwa na maji, limeungua sehemu, au ghorofa iliyokuwa ofisi imegeuzwa jiko.

Karatasi na makubaliano

Omba ripoti iliyopita, mchoro wa usambazaji na orodha ya saketi za kila ubao wa breka. Kisha uliza swali ambalo wenye majengo wengi hawalitegemei: umeme unaingia kutoka wapi na wapi? Jenereta, sola na UPS (betri ya akiba) vinaweza kurudisha umeme kwenye ubao ambao swichi yake kuu imezimwa.

Kubalianeni kwa maandishi saketi zipi zitazimwa, saa ngapi, na zipi hazitaguswa. Majokofu, seva, lifti na kengele za moto vina wenyewe wanaopaswa kuarifiwa mapema. Katika jengo kubwa hupimwa sampuli tu, na hilo ni sawa mradi muandike kanuni hii: sampuli ikitoa kasoro kubwa, ubao mzima unapimwa.

Macho, na kamera ya joto

Kasoro nyingi nzito zinaonekana bila kifaa. Fungua ubao, unuse, utazame. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia karibu na terminali, tundu lililoachwa wazi baada ya breka kutolewa, kebo iliyoingizwa kwenye boksi la chuma bila glandi (kishikio cha kebo tunduni), breka ya kampuni moja iliyolazimishwa kwenye basiba (upau wa chuma unaogawa umeme kwa breka) ya kampuni nyingine: vyote andika. Breka ya namna hiyo huonekana imekaa vizuri, lakini mguso wake na basiba ni mdogo, na joto huanzia hapo.

Linganisha kila breka na kebo yake. Hadithi ya kawaida ni breka ya ampea 20 iliyokuwa inakata mara kwa mara, mtu akaweka ya 32, kelele zikaisha. Kebo ya milimita za mraba 2.5 inayokwenda njia moja haikukusudiwa kubeba ampea 32, kwa hiyo sasa kebo ndiyo inayopata moto badala ya breka kukata. Panda juu ya dari pia. Huko ndiko viungo vya tepu hujificha, na kebo zilizolalia taa zenye joto. Angalia matundu ambamo kebo hupita kutoka ghorofa hadi ghorofa; yakiachwa bila kuzibwa, moshi utapita humo.

Kamera ya joto hutumika sasa, jengo likiwa kazini, kwa sababu kiungo kisichobeba mkondo hakina joto la kuonyesha. Linganisha fezi tatu zenye mzigo unaokaribiana. Moja ikiwaka zaidi ya wenzake, tafuta skrubu iliyolegea. Hesabu yake ni fupi: kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, kikipitisha ampea 40, hutoa wati 80 za joto kwenye eneo dogo kuliko ukucha. Dawa yake ni kuzima, kukata ncha ya waya iliyoungua, kubadilisha terminali iliyoharibika na kukaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiasi alichotaja mtengenezaji. Kukaza tena kila skrubu kwa nguvu za mkono huponda nyuzi za shaba na kuanzisha tatizo lilelile.

Kuzima kwa uhakika

Zima, piga kufuli, weka kibao cha onyo, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Kisha thibitisha kwa kipima volti chenye ncha mbili. Bisibisi ya testa haitoshi kwa kazi hii. Jaribu kipimaji kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima saketi, halafu jaribu kipimaji tena kwenye chanzo kilekile, maana kinaweza kufa katikati. Kwenye fezi tatu kuna michanganyiko 10: fezi kwa fezi mara 3, fezi kwa nyutro mara 3, fezi kwa ethi mara 3, na nyutro kwa ethi mara 1. Pima yote.

Onyo moja ambalo halina nafuu: usifungue nyutro kuu ya fezi tatu wakati umeme upo. Vifaa vya fezi moja vitajikuta vimeunganishwa kwa mfuatano kati ya fezi mbili zenye takribani volti 400, na vile vyenye mzigo mdogo, kama kompyuta, ndivyo hupokea sehemu kubwa ya volti hizo.

Vipimo vya umeme ukiwa umezimwa

Anza na mwendelezo wa ethi. Kifaa kinatakiwa kutoa angalau miliampea 200. Multimita ya kawaida haifiki hapo, na inaweza kupitisha kiungo dhaifu kama kizuri. Toa kwanza ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Kwenye ubao, unganisha fezi na ethi ya saketi kwa muda, kisha pima kati ya hizo mbili kwenye kila soketi na kila taa. Njia hii inathibitisha pia kwamba fezi na nyutro hazijabadilishana nafasi. Ujue jibu kabla ya kupima: shaba ya milimita za mraba 2.5 ina takribani omu 0.0074 kwa mita, ya 1.5 ina omu 0.0121. Saketi ya mita 30 yenye 2.5 kwa fezi na 1.5 kwa ethi itoe karibu omu 0.59. Ukisoma 1.4, kuna kiungo kibovu njiani hata kama mita inalia vizuri. Usisahau kuondoa kile kiunganishi cha muda.

Insulesheni, yaani ganda la waya linalozuia umeme kuvuja, inafuata. Kwa saketi za hadi volti 500, kipimo ni volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na kiwango cha chini ni megaomu 1. Saketi yenye afya husoma juu zaidi ya hapo, mara nyingi mamia ya megaomu. Inayosoma 2 imefaulu kwenye karatasi, lakini ifuatilie, hasa kama ripoti iliyopita ilisema 150. Kumbuka pia kwamba ukipima ubao mzima kwa pamoja, saketi 10 za megaomu 20 kila moja husoma megaomu 2. Zigawe kabla ya kulaumu kebo.

Chomoa vifaa vyote. Visivyochomoka, unganisha fezi na nyutro pamoja kisha pima kwenda ethi, ili volti 500 zisipite ndani ya elektroniki. Kinga za radi na milipuko ya volti zitoe kwenye ubao. Zikibaki zitavuta usomaji chini na utatafuta kasoro isiyokuwepo. Zisipoweza kutolewa, volti 250 zinakubalika, ila megaomu 1 inabaki palepale.

Nyutro iliyogusa ethi ndiyo kasoro inayosumbua zaidi majengo ya biashara. Breka haikati, taa zinawaka, lakini RCD inakata ovyo kila mzigo ukipanda, kwa sababu sehemu ya mkondo inarudi kupitia ethi. Mega, yaani mita ya insulesheni, huionyesha mara moja: karibu sifuri kati ya nyutro na ethi.

Vipimo vya umeme ukiwa umewashwa

Pima ukinzani wa kitanzi cha hitilafu (njia nzima ya umeme unaovuja kupitia ethi na kurudi kwenye chanzo) kwenye soketi au mashine iliyo mbali zaidi. Breka ya aina B ya ampea 16 inahitaji mara 5 ya ampea zake, yaani ampea 80, ili ikate papo hapo. Kwa volti 230 hiyo ni omu 2.87. Waya ukipata joto ukinzani wake hupanda, kwa hiyo zidisha kwa 0.8: usomaji wako usizidi omu 2.3. Aina C ya ampea hizohizo inahitaji mara 10, na kikomo kinashuka hadi 1.15. Ndiyo maana kubadilisha B kwa C kwa sababu tu dukani hazikuwepo ni kosa linalohitaji kipimo kipya.

Kwenye ubao mkuu pima mkondo wa shoti unaotarajiwa. Ukipata kiloampea 9 na breka zimeandikwa 6000 (ampea za shoti zinazoweza kukatwa salama), shoti moja inaweza kupasua breka.

RCD ya miliampea 30 isikate kwa miliampea 15. Kwa 30 ikate ndani ya milisekunde 300, na kwa 150 ndani ya milisekunde 40. Pima kwa nyuzi 0 na 180 za wimbi la umeme, andika iliyo mbaya zaidi. Kitufe chake kibonyezwe baada ya hapo. Kinathibitisha kwamba kifaa kinakata, wala hakisemi lolote kuhusu ethi ya jengo. Palipo na elektroniki nyingi, RCD ya aina AC inaweza kupofuka kwa mkondo mnyoofu unaovuja, hivyo pendekeza aina A au, kwa baadhi ya mashine, B. Uvujaji wa kawaida wa vifaa usizidi miliampea 9 kwa RCD moja ya 30. Ukizidi, gawa saketi.

Kwa jengo linalotegemea fimbo yake lenyewe ya ethi, pima ukinzani wa fimbo hiyo pia. Kihesabu, RCD ya miliampea 30 ingefanya kazi hadi omu 1667, lakini inayozidi 200 huchukuliwa kuwa si ya kutegemewa, kwani udongo ukikauka ukinzani hupanda tena.

Ripoti

Kila kasoro ipate moja ya daraja tatu: hatari iliyopo sasa, hatari inayoweza kutokea, na pa kuboresha. Ya kwanza haisubiri ripoti. Izime au izibe hapohapo na mwenye jengo atie sahihi kwamba ameambiwa. Andika namba zenyewe za kila saketi, pamoja na namba ya mita na tarehe ya mwisho ya kusahihishwa kwake, maana alama ya «sawa» haimsaidii atakayelinganisha safari ijayo. Kisichopimwa kitajwe pamoja na sababu yake. Bandika kwenye ubao mkuu kibandiko chenye tarehe ya leo na ya ukaguzi unaofuata, na orodha ya saketi iliyosahihishwa ibaki ndani ya mlango wa ubao.